Vitambaa vinaoana dukani, juani vinakataana. Shida ni jicho, taa au kitambaa?

FundiMamaShani:

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mwenye utaalamu anisaidie maana nimeshachoka kubishana. Mi ni fundi cherehani wa Mbagala, nashona sana sare za harusi na kicheni pati. Sasa kuna mteja kaniletea satini ya damu ya mzee na lesi ya damu ya mzee, kavinunua Kariakoo duka moja, yeye na shoga zake na mama mkwe mtarajiwa wote walisimama pale wakavilaza juu ya kaunta wakasema vimeoana kabisa. Nikakata, nikaanza kushona, lesi nimeiweka mabegani na mikononi. Siku kaja kujaribu akatoka nje apige picha, heee! Lesi imekuwa kama kahawia hivi na satini imeelekea zambarau. Ananiambia nimembadilishia kitambaa! Tumerudi ndani kwenye taa yangu ya tyubu, vinaoana tena. Tukitoka vinakataana. Kwenye picha ya simu ndo usiseme, imetoka rangi ya tatu ambayo hata haipo.

Sasa hii ni nini jamani? Na msinijibu "ni mambo ya mwanga tu" maana hilo hata mi nalijua, nataka kujua mwanga unafanyaje mpaka vitu viwili ndani viwe rangi moja halafu nje viwe rangi mbili. Kitambaa kama ni cha damu ya mzee si kiwe damu ya mzee popote?

KidumeWaTemeke:

Hiyo rangi feki dada angu, mzigo wa bei chee huo. Kiloweke uone kitakavyochuja.

MzeeWaMajora:

Kuchuja ni kesi nyingine kijana, rangi inaweza kuwa imara isichuje hata uifue mwaka mzima na bado ikafanya hivyo.

Mwanangu fundi, mimi nimefanya kazi kiwanda cha nguo idara ya kutia rangi mpaka nimestaafu, na hili lilikuwa linatuumiza kichwa kila wiki. Satini yako kwa vyovyote ni polista. Lesi nyingi ni nailoni, au nailoni na pamba. Rangi inayoingia kwenye polista haishiki kwenye pamba na kwenye nailoni haishiki kwa uimara, hizo kwa kawaida zinatiwa rangi za kemikali nyingine, kwahiyo mtu wa maabara ukimpa kipande cha satini ukamwambia nitolee lesi ya rangi hii hawezi kuchota unga uleule, anachanganya rangi zake nyingine mpaka jicho likubali. Likubali chini ya taa gani sasa? Hapo ndo penye kazi. Sisi tulikuwa na boksi la taa, kabati limepakwa kijivu ndani, juu lina taa za aina mbalimbali: D65 inayoiga mwanga wa mchana, A ambayo ni balbu ya zamani ya waya, na TL84 ambayo ilikuwa tyubu ya madukani kule Ulaya. Unalaza sampuli mbili, unabonyeza swichi moja baada ya nyingine. Zikioana kwenye D65 halafu zikaachana kwenye TL84, zinarudi maabara hazina mjadala. Jina lake metamerizimu. Mnunuzi mkubwa anaweza kukukatalia mzigo mzima kwa hilo.

Sasa satini yako na lesi yako hazikutoka kiwanda kimoja. Hakuna aliyewahi kuzipima pamoja mpaka zilipofika Kariakoo, wa kwanza kuzipima ni huyo mteja wako, na kazipima chini ya taa ya muuzaji. Usikubali kuitwa mwizi.

Optika_Dodoma:

Mzee kamaliza upande wa kiwanda, mi niongezee upande wa jicho maana nafanya kazi kliniki ya macho na naona swali la dada liko hapo hasa, kwanini jicho linakubali kudanganyika.

Mwanga wa jua una mawimbi mfululizo, kuanzia kama nanomita 400 upande wa urujuani mpaka kama 700 upande wa wekundu. Kitambaa hakitengenezi mwanga, kinameza baadhi ya mawimbi na mengine kinayarudisha. Ukipima kwa mashine kila wimbi limerudi kiasi gani unapata mchoro, mstari unapanda na kushuka, na mstari wa satini yako na wa lesi yako nina uhakika havifanani. Sasa jicho mstari huo haliuoni. Nyuma ya jicho, kwenye retina, tuna seli za koni za aina tatu tu. Moja inapokea zaidi mawimbi mafupi, kileleni kama nanomita 420, ya kati kama 530, ndefu kama 560, na hizo mbili za mwisho zinapishana sana. Halafu koni moja ikipigwa na mwanga haijui ni wimbi gani limeipiga, inachojua ni imeamshwa kiasi gani. Mwanga hafifu wa wimbi inalolipenda na mwanga mkali wa wimbi isilolipenda vinaweza kuiamsha sawasawa. Kwahiyo mchoro mzima unaishia kuwa namba tatu. Chukulia risiti ambayo unaonyeshwa jumla tu, elfu kumi, lakini orodha imekatwa, hujui ni unga na mafuta au ni nyama na nyanya. Vitambaa viwili vikitoa jumla tatu zilezile basi kwa binadamu ni rangi moja, hata akodoe vipi. (Kuku wako nyumbani huenda angeona tofauti, ndege wana koni aina nne.)

Badilisha taa sasa. Tyubu nyingi hazitoi mawimbi yote, zinatoa vilele vichache, kimoja kwenye bluu kama 436, kimoja kwenye kijani karibu na 545, kimoja kwenye wekundu kama 611, katikati ya hapo ni haba sana. LED nyeupe nayo ndani ni chipu ya bluu ya kama 450 imefunikwa na poda inayogeuza sehemu ya ubluu ule kuwa manjano, wekundu wa mbali unakuwa kidogo. Sasa vitambaa vyako kama vinatofautiana pale kwenye 570 au kwenye 660, chini ya tyubu hakuna mwanga wa maana unaofika hapo kuviumbua. Ukitoka juani mawimbi yote yamo, jumla zinabadilika, na kila kitambaa kinabadilika kwa kiasi chake. Lesi ikaenda kahawia, satini ikaenda zambarau.

Na usione kama ni ubovu, simu uliyoshika inaishi kwa jambo hilohilo. Njano ya kwenye skrini haina wimbi la njano ndani yake, ni vidoa vyekundu na vya kijani vimewaka pamoja, ndizi mbivu ya kweli inarudisha mwanga tofauti kabisa ila jumla zinalingana na we unaona ndizi. Mwanasayansi Thomas Young aliligundua kwa kufikiri tu, mwaka 1802 hivi, kwamba jicho lina vipokezi vya aina tatu, wakati huo hakuna hata mtu aliyeweza kuipima koni. Na mwanafizikia Maxwell mwaka 1861 akaonyesha picha ya rangi ya utepe wa kitambaa kwa picha tatu nyeusi-nyeupe zilizopigwa kupitia vichujio vitatu, akazimulika pamoja ukutani. Kitambaa hichohicho dada, fani yako.

KidumeWaTemeke:

Kwahiyo mnataka kusema rangi haipo?? Mbona mnatutisha

Optika_Dodoma:

Ipo mkuu, ila inamalizikia kutengenezwa kichwani kwako. Chukua majenta, ile pinki kali ya wasichana. Tafuta kwenye upinde wa mvua, hutaipata, haina wimbi lake. Inatokea koni fupi na ndefu zikiamka kwa pamoja na ile ya kati ikapata kidogo.

FundiMamaShani:

Aisee ya risiti imeniingia. Ila kuna kitu sijakubali bado. Kama taa ina nguvu hivyo mbona nguo yangu nyeupe ni nyeupe asubuhi, nyeupe mchana, nyeupe chini ya balbu ya chumbani ile ya njano? Na matembele sokoni ni kijani muda wote. Ingekuwa kila nikibadilisha taa rangi zinabadilika si ningekuwa chizi sasa hivi?

Optika_Dodoma:

Swali zuri sana hili, na watu wengi ndo hapa wanachanganyikiwa.

Mwanga unaofika jichoni kutoka kwenye hiyo nguo nyeupe kweli unabadilika, tena sana. Chini ya balbu ya njano nguo nyeupe inarudisha mwanga wa njano, ipige picha kwa kamera ambayo hairekebishi utaona. Ila mfumo wa kuona unafanya hesabu ya kuitoa taa. Koni zenyewe zinajizoesha, aina inayopigwa sana inapunguza makali, halafu ubongo unaangalia eneo zima, kama kila kitu kimeelekea njano basi anasema hii njano ni ya taa, naiondoa. Hufanyi wewe kwa kukusudia, inatokea tu. Ndo maana unaona matembele yaleyale.

Mnakumbuka lile gauni la Februari 2015 lililogombanisha watu mtandaoni dunia nzima? Wengine wanaapa ni jeupe na dhahabu, wengine bluu na nyeusi. Picha moja, skrini moja, watu wamekaa kochi moja. Picha ilikuwa na mwanga mwingi wa ajabu na haionyeshi vizuri taa inatokea wapi, kwahiyo kila ubongo ukabashiri. Aliyedhani gauni liko kivulini kwenye mwanga wa bluu akaondoa ubluu akabaki na jeupe, aliyedhani limepigwa na taa ya njano akaondoa unjano akabaki na bluu. Gauni lenyewe dukani lilikuwa la bluu na nyeusi.

Sasa unganisha na kesi yako. Marekebisho hayo yanasaidia taa inapoelekea upande mmoja kwa vitu vyote. Hayawezi kukusaidia pale satini na lesi zilipotoa namba zilezile chini ya tyubu, maana tofauti yao imeshapotea pale kwenye koni, ubongo unapokea ripoti mbili zinazofanana, atatenganisha kwa kutumia nini? Na zikishatengana juani hawezi kuzirudisha kuwa moja vilevile.

Picha ya simu kuwa rangi ya tatu: kamera ina vichujio vitatu pia lakini havifanani na koni zako, kwahiyo jumla zake ni nyingine. Halafu inabashiri taa kivyake. Halafu inachora kwa vidoa vitatu. Usimtumie mteja picha ya Whatsapp ukategemea aamue rangi kwa hiyo.

MzeeWaMajora:

Kwenye nyeupe niongeze kitu maana mafundi mnaumia hapo bila kujua. Nyeupe nyingi za kiwandani, na sabuni za unga nyingi pia, zina dawa ya kung'arisha inayomeza mionzi ya urujuani usioonekana na kuitema kama bluu. Jua lina mionzi hiyo, LED nyingi hazina. Kwahiyo gauni la bi harusi lenye dawa nyingi na utepe wenye dawa kidogo, dukani kwenye LED vyote vyeupe tu, kanisani nje mmoja unawaka na mwingine unaonekana krimu, mchafu mchafu. Nyeupe ndo rangi ngumu kuliko zote kuoanisha, mi nasema, kuliko hata hiyo damu ya mzee.

Na usiamini macho yako kitambaa kikiwa karibu na kingine. Ufaransa kulikuwa na bwana Chevreul, mkemia, miaka ya 1820 alipewa kusimamia utiaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins pale Paris. Watu wanamlalamikia nyuzi zake nyeusi hazijakolea. Akazipima, nyeusi ziko sawa na za watu wengine. Kumbe zikifumwa pembeni ya bluu na zambarau zinaonekana zimefifia, rangi ya jirani ndo inaziharibu. Akaandika kitabu kizima mwaka 1839. Kwahiyo uzi wa cherehani ukiuchagua ukiwa umeviringwa dukani halafu ukaushonea kwenye kitambaa usishangae umegeuka. Utandaze uzi mmoja juu ya kitambaa chenyewe, kisha ndo uamue.

BabaTwins:

Nimesoma yote. Mi swali langu la pembeni kidogo, ni kweli wanawake wanaona rangi kuliko sisi? Mke wangu ana pichi, samoni, korali, mi zote naona chungwa tu. Na hapo juu dada kasema mama mkwe naye alikuwepo dukani, je mtu mzima na binti wanaona sawa?

Optika_Dodoma:

Hilo la pichi na samoni ni mazoezi na majina zaidi, mke wako kashika vitambaa wewe umeshika rimoti. Ila kibaolojia kuna kitu. Jeni za koni ndefu na ya kati zote ziko kwenye kromosomu X, mwanaume anayo moja, ikiwa na hitilafu hana ya akiba. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini kama 8 kati ya 100 wana upungufu wa nyekundu na kijani, wanawake ni kama mmoja kati ya 200. Kwa Waafrika ni wachache zaidi ya hapo, lakini wapo, na wengi wanafika utu uzima bila kujua. John Dalton, mkemia yule wa atomu, alijigundua mwenyewe akasoma taarifa yake Manchester mwaka 1794. Alidhani maji ya ndani ya jicho lake yana rangi ya bluu, akaagiza akifa wamkague. Akafa 1844, wakakagua, maji meupe tu. Mabaki ya jicho yakahifadhiwa, mwaka 1995 wakapima DNA wakakuta hakuwa na ile koni ya kati.

Hata wenye macho mazima hatulingani. Protini ya koni ndefu ina sehemu moja ambapo wengine wana serini na wengine alanini (hivi ni viambajengo vya protini), na hiyo peke yake inasogeza kilele nanomita chache. Kwahiyo vitambaa vinavyooana kwa macho yako vinaweza vikakataana kidogo kwa jirani chini ya taa ileile.

Umri sasa ndo mkubwa zaidi. Lenzi ya jicho inaenda ikiwa ya njano kadri miaka inavyosogea na inazuia bluu. Satini yako dada inaelekea zambarau kwa sababu ya bluu kidogo iliyomo, mama mkwe huenda ile bluu haimfikii vizuri. Ikiwa na mtoto wa jicho ndo kabisa. Mchoraji Claude Monet michoro yake ya miaka ile ya ugonjwa ilijaa wekundu na ukahawia, alipopasuliwa jicho la kulia mwaka 1923 akawa analalamika anaona bluu kupita kiasi. Wagonjwa wetu wa mtoto wa jicho nao wanatuambia hivyohivyo baada ya upasuaji, "kumbe ukuta wangu ni mweupe".

MpambajiKigamboni:

Fundi mwenzangu pole. Mi napamba kumbi. Usisahau shughuli yenyewe ni usiku, na ukumbini tunaweka taa za rangi, zambarau mara pinki, hapo hakuna atakayeona lesi wala satini. Na damu ya mzee taa zikipunguzwa inakuwa nyeusi tii, wakati royo bluu inabaki inang'aa. Nishawaambia maharusi mara nyingi, hawasikii.

Optika_Dodoma:

Hiyo nayo ina sababu. Mwanga ukipungua sana koni zinaelekea kunyamaza na seli fimbo, seli nyingine za retina zinazofanya kazi kwenye mwanga hafifu, zinachukua usukani, fimbo hazijali wekundu karibu kabisa, kilele chake kiko karibu na nanomita 500. Mwanasayansi Purkinje wa Bohemia aliliona kwenye maua karne ya 19, jioni mekundu yanakufa kwanza, ya bluu yanabaki.

FundiMamaShani:

Nimemuonyesha mteja mjadala wetu wote huu, kasoma kakaa kimya, halafu kasema sawa tutoe lesi. Nilitaka nimtafutie damu ya mzee nyingine ila nimeona nitarudi palepale, ni vigumu sana satini na lesi kuwa rangi moja kwenye kila taa kama zimetiwa rangi tofauti. Tumeamua lesi ya dhahabu, hiyo hata ikisogea kidogo nani atajua, si ilikusudiwa iwe tofauti. Muuzaji naye hana kosa kwa kweli, taa yake tu.

Na nimeshatangaza kwa wateja wote, mtu akitaka vioane abebe vipande vyote viwili atoke navyo mlangoni pa duka, avione juani na kivulini, arudi avione kwenye taa. Muuzaji akikataa kitambaa kisitoke, basi kitambaa kibaki.

BabaTwins:

Optika naomba nikuulize jambo la mwisho. Mmoja wa mapacha wangu, wa kiume, anapaka jani rangi ya kahawia kila siku shuleni na mwalimu anampiga eti hazingatii. Mjomba wake upande wa mama naye soksi zake hazijawahi kuoana. Nimeona kwenye simu kuna picha za vidoa vidoa vyenye namba ndani, nimpime hizo?

Optika_Dodoma:

Hizo zinatokana na kadi za Ishihara, daktari wa Kijapani aliyezitoa mwaka 1917. Kwenye simu usizitegemee kwa sababu zilezile tulizosema juu, skrini yako haitoi rangi za kadi halisi, na zinatakiwa kusomwa kwenye mwanga wa mchana. Mpeleke kliniki yoyote ya macho yenye kitabu chake, ni dakika chache na hakuna dawa ya kuweka jichoni. Kama hajui namba vizuri kuna kurasa za kufuatisha njia kwa kidole. Mjomba upande wa mama ndo hasa ananifanya nikwambie usichelewe, X yake kaipata kwa mama. Pacha mwenzake kama naye ni wa kiume mpeleke pia. Na kaongee na mwalimu kabla hata ya majibu, aache kumpiga, na penseli za rangi aziandike majina.